Mishale Kwenye Paa la Shukrani

Siku ya gulio pale Lushoto, Athumani alikuwa anajaribu koti la mitumba lililochorwa majani ya kijani na kahawia, koti la mtu aliyekuwa mnene na bila shaka mwenye nafasi zake. Alipotia mkono mfukoni, akatoa vijidude vya plastiki vidogo kama kiungo cha kidole, kila kimoja kina tundu upande mmoja na mkato upande wa pili. Amiri, muuza mitumba, alidhani ni vipande vya mwanasesere, akasema kama anavitaka avichukue na koti lake. Athumani alikiminya kimoja, kikawaka kijani. Akautazama ule mkato, akaelewa palepale. Hapo hukaa upote wa upinde. Kidude kilitengenezwa kivishwe mkia wa mshale, upote ukikisukuma kiwake, mwindaji aone mshale wake umekwenda wapi.

Kwa Athumani hilo halikuwa jambo dogo. Ukoo wao ulisifika milima yote ile kwa kukosa. Babu yake alikosa, baba yake akakosa, na yeye tangu akabidhiwe upinde hajarudi nyumbani hata na unyoya. Tena mishale yao haikuokotwa, ikishatoka, imetoka. Kwenye harusi watu walisema ukitaka usalama wa maisha yako, kasimame mbele ya upinde wa ukoo ule. Athumani alicheka nao, lakini utani ule ulimuuma.

Na mwaka huo mambo hayakuwa ya mzaha. Nguruwe mwitu walikuwa wamefukua viazi vyake misimu miwili mfululizo. Mkewe, Sharifa, alimwambia bila kupaza sauti, na hiyo ndiyo sauti yake ya hatari, kwamba msimu huu wengine wakivuna tena walichopanda yeye na mumewe, yeye anarudi kwao Mlola. Sharifa si mtu wa kurudia neno. Athumani alimpenda mkewe, tena sana, wala hakuona haya. Alilinunua lile koti.

Sasa, uwindaji wa milima ile ulikuwa na utaratibu wake: kabla ya kuuachia mshale, unauambia umfuate nani. Ukoo wa Athumani ni Waislamu safi, na tangu enzi za mababu hawakutaka kulitia kinywani jina la yule mnyama wakiwa wameshika mshale. Kwa hiyo mshale walikuwa wakiunong'oneza kosa la mnyama, jina wakaliacha. Maneno yao yalikuwa hayo kwa hayo, baba kwa mwana: mfuate anayevuna asichopanda. Jirani yake Sefania, Mlutheri, hakuwa na tatizo hilo. Yeye alitamka "nguruwe" waziwazi, tena kwa hamu, akaachia, na Jumapili nyumba yake ikanukia. Lakini Sefania alikuwa na shamba lake la kulinda.

Jioni moja jua linazama, wote wawili walijibanza ukingoni mwa shamba la Athumani, pale linapopakana na msitu, Sefania amekuja kutazama tu, bila upinde. Akatokea dume moja, limeshiba jana na limerudi leo. Athumani akanong'ona maneno yake, akavuta, akaachia. Mkia ukawaka kijani. Mshale ukaenda moja kwa moja mpaka karibu na sikio la nguruwe, ukasita hewani, ukamzunguka taratibu kama mtu aliyebisha hodi mlango usio wake. Kisha ukapanda juu, ukavuka bonde, ukaupita mnara wa msikiti kwa adabu, ukateremka kwenye paa la Bwana Shukrani. Nguruwe aliutazama mpaka ulipotoweka, halafu akarudia viazi.

"Umekosa," alisema Sefania.

"Nimekosa," Athumani alikubali. "Ila leo nimeona nilivyokosa."

Alirusha mpaka podo likabaki tupu. Mishale yote ilipita njia ile ile, mmoja nyuma ya mwenzake.

Bwana Shukrani alikuwa mnunuzi wa mazao. Nyumba yake iliwahi kuwa ghala la ushirika, na kabla ya ushirika ilikuwa ya mlowezi mmoja aliyewalimisha watu kahawa. Ushirika ulipojifia na biashara ikawa ruksa kwa kila mtu, Shukrani alikuja na lori akainunua, na tangu hapo viazi vyote vya upande ule vilipita mlangoni pake. Vilipita kwa lumbesa. Gunia likijaa hufungiwa wavu wa kamba juu, likajazwa tena mpaka likavaa kilemba kirefu, na bado likaitwa gunia moja. Asiyetaka alikuwa na uhuru kamili wa kukaa na viazi vyake mpaka vioze.

Asubuhi Athumani na Sefania walimkuta anakunywa chai. Walimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa ukarimu, na alipojua shida yao akawaonyesha juu. Mabati hayakuwa na tundu hata moja. Lakini boriti zote chini ya mabati zilikuwa zimejaa mishale, mingine ya chuma cha wahunzi wa kale, manyoya yake yamegeuka vumbi. Ile ya jana ilikuwa bado inawaka.

Shukrani alieleza kwamba ile ya zamani aliikuta hapo, na watu wa ushirika nao walimwambia waliikuta. Haikumdhuru mtu. Ilishuka mpaka kwenye boriti ikaishia hapo, na ukishauzoea mlio wake unalala vizuri tu. Alikuwa akitundikia vitunguu na makoti. Kwenye mmoja wa zamani alitundika mizani ya ushirika, maana haikuwa na kazi tena.

Athumani alisogea chini ya mshale ule wenye mizani. Ulikuwa na mikato miwili na doa la moto, chapa ya babu yake. Pembeni ulikuwepo wa baba yake, na mwingine, na mwingine. Babu alikufa anayalaumu macho yake. Athumani alishindwa kujizuia, machozi yakamtoka mbele za watu.

"Babu hakukosa," alisema. "Hakukosa hata mmoja."

"Wazee wa zamani walikuwa na shabaha," alikubali Shukrani. "Mtakunywa chai?"

Walikunywa.

Mtendaji wa kijiji, walipompelekea habari, alisema huu ni wakati wa soko huria. Mshale uko huru kwenda upendako, kama mkulima alivyo huru kutouza. Alichowaomba ni kuwa waangalifu na nyaya za simu.

Sharifa alisikiliza habari yote mpaka mwisho. Akasema kikulacho ki nguoni mwako, akaanza kufunga khanga zake. Yeye alikuwa ametaja wengine, hakutaja nguruwe, na wengine wamepatikana. Athumani alikaa kizingitini na koti lake la majani, moyo umemshuka, akisikia mkewe anakaza fundo.

Wakati huo vile vijidude vilikuwa vimeshaenea milimani. Amiri alipata robota jingine la makoti, na kila mwenye upinde naye alitaka kuona mshale wake unakokwenda. Basi Sharifa alipotoka na furushi kichwani, jua lilikuwa limeshagusa kilele, na juu ya mlima upande wa Mlola ikachomoza taa nyekundu. Ikafuata nyingine, kisha kundi zima. Zikapita juu ya kichwa chake zikishuka kwa Shukrani. Ile ya mbele ilikuwa inayumba kidogo kushoto, na Sharifa akautambua mshale wa kaka yake Issa, ambaye tangu utoto hajui kunyoosha mti wa mshale. Mlola nako mshale ulinong'onezwa kosa tu, na lori la Shukrani lilikuwa linafika.

Alisimama njiani mpaka ya mwisho ikapita. Kisha akarudi, akalishusha furushi mlangoni.

"Baba Zakia," alisema, "kaniletee kuni."

Athumani alikwenda kuleta kuni, akaleta nyingi kuliko zilizohitajika.

Kesho yake alirudi ukingoni mwa shamba, akafumba macho, akalitamka lile jina, "nguruwe," kwa sauti ndogo, akaachia mshale. Dume lilianguka lilipokuwa limesimama. Athumani akaenda mtoni kusukutua kinywa, Sefania akaita wanawe waje kubeba, na tangu siku hiyo hakuna aliyewatania tena kwenye harusi. Viazi vilikomaa vikubwa, vyekundu, vimeshikana ardhini, msimu ambao hata wazee waliusifia. Mavuno yalipokamilika waliyapeleka kwa Shukrani, maana hapakuwa na pengine.

Foleni ilikuwa ndefu, na zamu yao ilifika magharibi. Zamani Shukrani alikuwa akifunga kazi saa hiyo, ila sasa hakuwa na haja, kwa sababu dari yote ilikuwa inawaka kijani na nyekundu na haikuwa na dalili ya kuzimika. Jioni hiyo hiyo mishale mingine ilikuwa inaingia kutoka Mlola. Sharifa alishika wavu, Athumani akawa anashona kilemba cha gunia chini ya mshale wake mwenyewe, uliomulikia sindano vizuri kabisa. Shukrani akaja, akainama, akachungulia.

"Hizi taa zenu zimenisaidia sana," alisema. "Zamani nisingeona. Hapo pembeni pana nafasi."

Sharifa na Athumani wakatazama. Nafasi ilikuwepo kweli, ya viazi kama vinne hivi. Athumani akachomoa uzi, Sharifa akaongeza.