Samaki wa Dimbwi la Kahe

Mzee Elisaria alipoteremka shambani kwake Kahe, alikuta dimbwi limekauka kau, na samaki hakuna. Si samaki wa kula, la. Vijisamaki vya urefu wa kidole, vyekundu na buluu, ambavyo bintiye Flavia alikuwa amewaahidi wenye hoteli mjini Moshi kwa ajili ya tangi lao la kioo. Haukubaki hata mwiba! Zilikuwapo nyayo tu, za ng'ombe na za raba za Theodory.

Theodory! Jirani, tena mkwe mtarajiwa: mwanawe Shedrack alikuwa amuoe Flavia Desemba. Elisaria, mtu ambaye hasira yake haipigi hodi, akamwita mwizi mbele ya washenga na kuapa kwamba harusi haipo. Flavia alilia mpaka macho yakamvimba.

Theodory akakana. Lakini Jumapili, baada ya ibada, akaja ameshika isale, lile jani la kuombea msamaha. Na isale Mchagga halikatai. Ukilikataa unajitafutia balaa. Elisaria akalipokea, harusi ikarudi.

"Kumbe uliiba!" alimwambia. Theodory akavaa kofia yake, akaaga.

Mvua za vuli zikanyesha. Zikiwa zimebaki siku chache harusi ifike, Elisaria akateremka tena Kahe kupalilia, akatupa jicho dimbwini, jembe likamponyoka. Samaki! Wale wale, wekundu na buluu, wanacheza! Jamani, wametoka wapi? Mto uko mbali. Kuna mtu kawarudisha? Mwizi gani huyo anayeiba samaki halafu anawarudisha wakiwa hai? Alikaa ukingoni akawatazama mpaka jua likamchoma kisogo, na asielewe kitu.

Jioni akaenda kwa Theodory, hata salamu hakutoa.

"Baba Shedrack, umewarudisha lini?"

"Akina nani?"

"Samaki!"

"Sikuwachukua, nitawarudishaje? Flavia kaelezwa huko hotelini: maji yakikauka wanakufa, ndege wanawaokota, mayai yanabaki kwenye tope yakingoja mvua. Mimi nilipitisha ng'ombe tu."

Elisaria akamsogelea.

"Sasa isale lako lilikuwa la nini?"

Theodory akamsogezea kigoda. "Watoto wanapendana, Baba Flavia. Ilibidi mmoja wetu awe mwizi. Nikajua wewe hutaweza."