Mughwai Kabla Hajafa

Ubao uliwekwa siku ya Ijumaa nje ya banda la video la Fredrick, hapa Iguguno, ukiwa umeegemezwa kwenye tairi bovu ili upepo usiuangushe. Nilikuwa natoka mashineni tunakokamua mafuta, nguo zote zinanuka mashudu ya alizeti. Niliusoma mara mbili. MUGHWAI 4: KABLA HAJAFA. JUMAPILI SAA TISA. Chini yake, kwa chaki ya njano: TAFSIRI, DJ SIXI.

DJ Sixi ni kaka yangu Sixbert. Tulimzika mwezi wa pili. Huu ulikuwa mwezi wa saba.

Kazi ya kaka ilikuwa kutafsiri filamu. Filamu inakuja na Kiingereza chake, yeye anajifungia chumbani, anaziba dirisha kwa blanketi, anashika maiki na kusema maneno ya watu wote: wanaume, wanawake, watoto, hata mbwa kama mbwa ana la kusema. Majina ya kigeni hayakai vichwani, kwa hiyo aliwapa ya kwetu. Steringi mmoja, mhusika mkuu aliyekuwa anaamrisha upepo, alimwita Mughwai, jina la mjomba wetu wa Mgori, ambaye tangu utoto wetu tulimjua kwa kuogopa kuku mwenye vifaranga. Mjomba alipopata habari kwamba anaruka angani na kupindua malori, alisema sasa hao kuku waje.

Filamu za Mughwai zilikuwa tatu. Katika ya tatu Mughwai anakufa. Kaka aliitafsiri mwezi wa kumi na mbili, miguu imeshavimba kwa sababu ya figo. Umeme ulikatika, akawa anatumia chaji iliyobaki kwenye laptopu, mimi nimemshikia tochi aone alichoandika. Katikati ya maneno ya mwisho ya Mughwai akakohoa, kikohozi kirefu. Nikamwambia arudie. Akasema, "Acha. Watadhani ni Mughwai anakufa."

Siku ya tatu baada ya mazishi niliingia chumbani kwake. Laptopu ilikuwepo. Maiki ilikuwepo. Diski ya nje, kile kiboksi cheusi alichohifadhia kazi zake zote, haikuwepo. Kwetu vitu vya marehemu haviguswi mpaka siku ya kuanua matanga, wazee wakae, wagawe mbele ya watu. Nilimuuliza Fredrick, maana ndiye aliyekuwa mshirika wake. Fredrick alilala kwenye turubai letu siku zote za msiba, akapasua kuni, akachota maji. Alinijibu akiwa ameshika shoka.

"Dada Ritha, diski iliungua zamani. Marehemu hakukuambia?"

Marehemu alikuwa ananiambia hata idadi ya vidonge alivyomeza. Lakini nilinyamaza. Mimi ni mtu wa kunyamaza, na watu hudhani nimekubali.

Jumamosi mashineni hapakuwa na mazungumzo mengine. Tulijua kwamba kutoka Singida mjini zilikuja filamu mbili kwa pamoja. Moja ni hiyo ya kabla, Mughwai akiwa kijana, mwigizaji ni yule yule ila wamemtoa mikunjo ya uso kwa kompyuta. Ya pili imeanza hadithi upya kabisa: steringi mwingine, sura nyingine, kana kwamba zile tatu hazikuwahi kuwepo.

"Ya kabla ndiyo yenyewe," alisema Naftali, fundi wa mashine, mikono yake imo ndani ya mkanda. "Unajua mtu alikuwa nani kabla hajawa mkali. Ule upepo aliupata wapi? Yule adui mwenye kovu, kovu alipigwa na nani?"

"Na ukishajua?" Huyo ni Damari, anayetuuzia vitumbua. "Mwisho wake si anakufa? Mimi nimeshamlia huyo, Naftali. Kilemba kililowa. Leo nikamwangalie anakula na kucheka wakati najua alivyokufa?"

"Kwa hiyo unataka hiyo ya kuanza upya. Mtu humjui, anajiita jina lile lile."

"Ndiyo. Wanipe mpya nimzoee."

"Mama, huo ni ujane wa haraka."

"Ujane wangu una miaka tisa, mjinga wewe. Kaza hiyo nati, tutoke hapa."

Watu walicheka. Mimi nilikuwa namimina alizeti kwenye mdomo wa mashine.

"Basi Fredrick yuko upande wangu," Naftali aliendelea. "Kasema ya kuanza upya ni uchafu. Kaapa haitaonyeshwa bandani kwake hata siku moja."

"Tangu lini Fredrick ana maoni juu ya filamu?" Damari alisema. "Yule si analala zikianza tu?"

Hilo ndilo lililonibakia. Ni kweli. Kaka alikuwa akimtania kwamba ameonyesha filamu elfu moja na hajui mwisho wa hata mbili. Sasa mtu wa namna hiyo anaapa kwa ajili ya filamu moja dhidi ya nyingine. Nilijiuliza usiku na asubuhi yake kanisani pia, na sikusikia mahubiri.

Jumapili saa tisa kasoro nilikuwa mlangoni. Fredrick aliponiona alishusha macho mpaka kwenye viatu vyangu.

"Dada Ritha! Leo umetukumbuka. Pita, pita. Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Usije ukamleta, eh? Humu ndani joto litamsumbua."

Mwezi wa saba, Iguguno, watu wamevaa masweta, na yeye anazungumzia joto. Nilikaa benchi la nyuma.

Filamu ikaanza, na kaka yangu akazungumza.

Sitaandika sana kuhusu dakika zile za mwanzo. Nilishika benchi. Ilikuwa ni yeye, na ile *r* yake nzito, na jinsi anavyovuta pumzi kabla ya kutamka jina la Mughwai. Watu walishangilia. "DJ Sixi huyo! DJ Sixi!" Hao hao walikuwepo makaburini, niliwaona wakirusha udongo.

Kisha nikaanza kusikiliza vizuri, kama mtu anayepekua. Kuna sehemu ambapo midomo ilisogea kwa muda mrefu na sauti ikasema "Ndiyo" tu. Kuna sehemu Mughwai kijana alicheka, na baada ya robo saa akacheka tena kicheko kile kile, na mwisho wake una kelele ya jogoo. Halafu akawa anakimbia mlimani, mzima, mwenye nguvu, na akakohoa.

Kikohozi kirefu.

"Kijana ana kifua huyo," mtu alisema mbele, wakacheka.

Nilijua nimeshika nini. Lakini nilibaki, maana nilitaka uhakika. Ukafika wakati Mughwai amekaa na mdogo wake kwenye mkeka, wanakula. Katika filamu ya pili mdogo huyu aliuawa. Hapa bado yuko hai, anatafuna. Mughwai akamtazama na sauti ya kaka ikasema, kwa uchungu: "Mdogo wangu, tulikuzika kwa mikono yetu wenyewe."

"We!" Naftali akasimama. "Hajafa bado huyo! Si anakula?"

"Kaa chini, hatuoni!"

"Nauliza, amezikwa lini?"

"Ndiyo utamu wa ya kabla," mwingine akamjibu. "Wenyewe wanajua ya mbele."

"Wanajuaje ya mbele? Basi kwa nini asimwambie mdogo wake asiende kwenye ile vita?"

"Mwulize DJ Sixi!"

Hapo Damari, aliyekuwa benchi la mbele yangu, aligeuka akanitazama. Akarudisha uso mbele na kujifunika kanga mabegani.

Nikaelewa kiapo cha Fredrick. Filamu ya kabla ina watu wale wale: Mughwai yule yule, adui yule yule, mama yake yule yule. Sauti ya kaka ilikuwa imeshawasemea wote katika zile tatu. Ukiwa na kazi zake unaweza kukata kilio hapa, tusi pale, ukabandika, na kwa mtu anayetafuna karanga ikapita. Ile ya kuanza upya ingemshinda. Watu wapya, mambo mapya, kaka hakuwahi kuwasemea. Na ili ukate namna hiyo, lazima uwe na diski.

Watu walipotoka nilimkuta nyuma ya banda akikunja waya.

"Mughwai amekohoa," nilimwambia.

"Eh?"

"Amekohoa, Fredrick. Mwezi wa kumi na mbili, mimi nimeshika tochi."

Aliendelea kukunja waya mpaka ukaisha mkononi, akawa hana kitu cha kukunja.

"Aliniachia mwenyewe," alisema.

"Uliniambia imeungua."

"Nilikuwa na uchungu, dada. Mtu anasema chochote."

"Uliichukua siku gani?"

Alivuta ndoo kwa mguu.

"Siku gani, Fredrick? Kabla ya matanga au baada?"

"Kabla." Alikaa kwenye ndoo. "Niliogopa wazee wangempa mtu asiyejua kitu, akafute aweke nyimbo za kwaya. Halafu watu walianza kuniuliza DJ Sixi yuko wapi. Nilijaribu kutafsiri mwenyewe, mwezi wa nne. Walinizomea. Walisema nasoma kama mtendaji wa kijiji kwenye mkutano."

"Ungewaambia amekufa."

"Wanajua! Wenyewe walibeba jeneza. Na bado wanauliza."

Sikumwamini wala sikuacha kumwamini. Alikuwa anatazama pembeni alipotaja wazee, na alinitazama usoni alipotaja kuzomewa. Nilichagua kuamini hilo la pili.

"Naitaka leo," nilisema. "Na ile ya kuanza upya utaionyesha Jumapili ijayo. Kwa sauti yako. Jina la kaka usiliandike kwenye ubao tena."

"Watanizomea tena, dada Ritha."

"Wakuzomee."

Aliingia ndani, akatoa diski kutoka kwenye kopo la maziwa ya unga, imefungwa kwa soksi. Nilikuwa nimejiandaa kupiga kelele, na nilikosa pa kuzipigia.

Nyumbani niliifungua kwenye laptopu ya kaka. Filamu ya kwanza ilikuwepo nzima. Ya pili nzima. Ya tatu, ile ya kikohozi, haikuwepo. Mahali pake palikuwa na vipande vidogo mia mbili na kumi na sita, kila kimoja Fredrick amekipa jina: "kilio kifupi", "kilio kirefu", "kicheko jogoo", "ndiyo 1", "ndiyo 2", "hapana 1". Diski ilikuwa imejaa, kwa hiyo kila alipokata alifuta pale alipokata. Kaka yangu alikuwa amepangwa kwa herufi, kama vipuri vya pikipiki kwenye sanduku.

Nilirudi kwake Jumatatu nikamuuliza kama kuna nakala nyingine. Aliapa hakuna. Aliapa haraka mno. Niliuliza kwa wauza flashi wa barabarani, nikatuma ujumbe Kinampanda kwa mtu aliyekuwa ananunua kazi za kaka. Kila mmoja anasema alishaifuta akaweka nyingine.

Jumapili ile nyingine ubao ulisema tu: IMEANZA UPYA. TAFSIRI, FREDRICK. Nilikaa benchi lile lile la nyuma. Steringi mpya Fredrick alimwita Edward, na watu wakavunjika mbavu.

"Edward gani anaamrisha upepo?"

"Huyu Edward ni wa benki!"

Fredrick alikuwa ametafsiri vibaya. Alisahau wanawake, akawasemea kwa sauti yake nzito, na adui alipotisha alionekana kama anaomba radhi. Walimzomea dakika ishirini hivi. Kisha Edward akapoteza nyumba yake kwa moto, na kelele zikapungua, na Damari akasema "maskini" kwa sauti. Naftali hakusimama hata mara moja.

Mimi sikuwa natazama. Nilikuwa namtegea Fredrick sikio, nikisubiri achomeke "ndiyo" moja ya kaka, pumzi moja, kile kicheko. Nilijiambia nikikisikia nitasimama mbele ya watu wote niseme. Filamu ikaisha. Hapakuwa na kitu cha kaka ndani yake.

Nje Naftali aliniuliza, kwa adabu kuliko siku zote, "Dada, wewe unaonaje? Ya kabla au hii?"

"Hii," nilimwambia.

"Lakini ni mbaya!"

"Ni mbaya. Ila aliyekufa hawajamtia maneno mdomoni."

Alikuna kichwa, akasema bado ya kabla inamfundisha mtu zaidi. Hatukukubaliana, na naona bandani hawatakubaliana kamwe.

Sasa nina daftari la kurasa tisini na sita. Kila jioni nikitoka mashineni naandika filamu ya tatu ninavyoikumbuka, neno kwa neno, tangu Mughwai anaamka mpaka anapokufa, na pembeni ya kila neno naandika jina la kipande chake. Mama hukaa karibu, hukumbuka zaidi yangu, maana kaka alikuwa akijizoeza kwa sauti wakati yeye anapepeta mtama. Tukimaliza nitamtafuta mtu wa kuvipanga tena kwenye kompyuta, na mtu huyo hatakuwa Fredrick.

Mpaka leo tumerudisha vipande arobaini na saba. Kuna kimoja, "hapana 3", kaka anakitamka polepole, kama anamjibu mtu aliyesimama karibu sana naye chumbani. Mimi sikikumbuki, mama hakikumbuki, na katika filamu zote tatu hakuna mahali pa kukiweka. Nimemuuliza Fredrick alikitoa wapi. Anasema amesahau, akitazama pembeni kama alipotaja wazee. Kesho nitamuuliza tena.