Aliyeshika Feni

Saa nne asubuhi gari jeusi la ofisi liliingia gereji likiwa limeshusha vioo vyote vinne. Mkurugenzi alikuwa ameketi nyuma, shati limemganda mgongoni. Dereva wake alikuwa na siku tisa tu kazini, na bado alikuwa akimfungulia mlango kwa mikono miwili.

Fundi umeme wa hapo alikuwa mwanamke asiyeamini mtu wala waya. Wenzake walimwita Testa, maana hata ukimwambia kumekucha, alitoka nje kuhakikisha.

"Feni ya kiyoyozi haizunguki," Mkurugenzi alisema. "Gereji tatu zimeshindwa."

"Ilianza lini?"

"Imeanza tu."

Testa hakulipenda jibu hilo. Aliwasha injini, akawasha na kiyoyozi. Kompresa ikashika, lakini hewa ikatoka vuguvugu, na feni iliyo mbele ya kondensa, ile rejeta ya kiyoyozi, ikatulia kama picha ukutani. Fyuzi ilikuwa nzima. Rilei, ile swichi ndogo ya feni, akaibadilisha na ya honi, hali ikabaki ileile. Akachomoa soketi na kuipima: umeme ulifika, waya wa hasi haukuwa na tatizo. Akaitoa feni, akaiunga na betri juu ya meza, ikavuma hadi ikapeperusha matambara. Alipoirudisha mahali pake, ikanyamaza.

Muda wote huo Mkurugenzi alikuwa begani pake.

"Usichungulie sana, mama. Unganisha moja kwa moja, basi."

Mwenye gari anayemharakisha fundi ana lake jambo. Testa alimwelekeza kwenye benchi la kivulini, akasubiri aketi, ndipo akainama na tochi.

Vidole vinne vilikuwa vimeshika panga la feni. Cha shahada hakikuwa na ukucha. Ulikuwa umeng'olewa na jeki zamani, na Testa mwenyewe ndiye aliyekifunga kitambaa siku ile. Kaka yake, waliyemzika miezi minne iliyopita, alikuwa amejikunja kati ya wavu wa mbele na kondensa, mahali ambapo hata kiganja hupita kwa shida. Sare yake ya udereva ilikuwa imepigwa pasi. Gari hilo Testa hakuwahi kuliona, kwa kuwa kaka yake aliliacha kazini kila jioni. Mkurugenzi naye mazishini hakufika. Alituma shada la maua na barua iliyosema moyo wa marehemu ulisimama ghafla.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Usiniombe niachie."

"Sijakuomba. Nieleze tu."

Akaeleza bila haraka. Mkurugenzi alimshuku kwamba akiachiwa ufunguo hubeba abiria. Siku ile, alipokwenda mkutanoni, alimwacha ndani ya gari, akazima injini na kufunga milango kwa rimoti. Milango ile ikifungwa hivyo, kwa ndani haifunguki, wala vioo havishuki. Mkutano ulianza saa nne ukaisha saa nane, na jua lilikuwa la utosi.

"Nilipiga honi," kaka yake alisema. "Mlinzi akaja, akaniambia bosi hapendi kelele."

Testa alifuta mikono, akaenda kwenye benchi.

"Feni ni nzima. Imeshikwa na dereva wako wa zamani."

"Bado yumo?" Mkurugenzi aliuliza. "Nilidhani ameshatoka."

"Ni kaka yangu."

Mkurugenzi alimtazama upya, kuanzia viatu. "Pole sana. Basi wewe atakusikiliza. Mwambie aachie."

"Andika upya ile barua. Sema ulimfungia."

"Barua ilishapigwa muhuri, mama. Si ungeongeza nguvu ya umeme tu?"

"Umeme upo wa kutosha. Yeye ana nguvu zaidi."

Gari liliondoka kama lilivyokuja. Kesho yake Testa na wifi yake walikwenda polisi. Askari aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama kuna shahidi aliye hai. Mlinzi aliitwa. Alisema kwamba barabara ile ina honi nyingi, na yeye hakuajiriwa kuzitenganisha. Jalada likafungwa kabla ya chakula cha mchana.

Tangu hapo, kila Jumatano adhuhuri, wifi huja kwenye maegesho ya ofisi. Huchuchumaa mbele ya bampa na kumpa mumewe habari za nyumbani: bomba limeziba tena, binti yao amepita mtihani, na je, ufunguo wa kabati aliuweka wapi? Mume hujibu kwa maneno machache, kwa kuwa hakuwahi kupenda soga akiwa kazini. Testa husimama pembeni na mwavuli, akimkinga wifi yake na jua. Wafanyakazi hupita, huwasalimu wote watatu, huenda zao kula.

Ghorofani, Mkurugenzi huwatazama kidogo, kisha huvuta pazia. Chumba chake kina kiyoyozi, na siku nyingine baridi ikizidi huvaa koti.