Karakana Isiyo na Shikamoo

Alute wa Issuna alikuwa mhunzi. Baba yake alikuwa mhunzi, na babu yake vilevile, na kabla majembe ya dukani hayajafika, watu wa ukanda ule walilima kwa majembe yaliyotoka kwenye moto wao. Hata hivyo, mwaka ule wa sabini na tano, kijiji kilipotakiwa kutoa mtu wa kwenda kusomea uchomeleaji wa vyuma katika chuo cha ufundi nje kidogo ya mji wa Singida, hakuna aliyemfikiria yeye. Alikuwa mtu mzima anayekaribia miaka hamsini. Kila mtu alitegemea kusikia jina la kijana aliyemaliza darasa la saba.

Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Idrissa, akasimama mkutanoni na kuwashangaza wote.

"Kijana tukimpeleka," alisema, "akishapata cheti tu, mtasikia yuko Arusha. Mimi nataka mtu ambaye akimaliza atarudi. Mke wake yuko hapa, ng'ombe wake wako hapa, na plau zetu zilizovunjika ziko hapa. Tumpeleke Alute."

Watu wakacheka. Kisha wakatazamana, wakaona kuwa mwenyekiti hatanii, wakaanza kupiga makofi. Marietha, mke wa Alute, alikuwa amekaa upande wa akina mama. Yeye hakupiga makofi.

"Na uwele wangu atalima nani?" aliuliza.

"Kijiji," akajibu Idrissa. "Si ndiyo ujamaa wenyewe, mama?"

Ndivyo Alute alivyopanda basi la kutoka Manyoni, akiwa na sanduku la bati na blanketi, na nyundo ya baba yake ameifunga kwenye shuka. Marietha alimwambia nyundo ya nini huko, chuo kina nyundo zake. Akasema nyundo ya mtu mwingine haimkai mkononi.

Chuoni alipangiwa kitanda karibu na Kefa, kijana wa Kinyiramba kutoka Kinyangiri, mwenye maneno mengi na kicheko cha haraka. Siku ya kwanza Kefa alimpokea sanduku, akamwamkia, akamuuliza, "Mzee, umemleta mwanao?"

"Nimejileta mwenyewe," Alute akasema.

Kuanzia hapo bweni zima lilimwita Baba. Walimwachia maji ya kuoga ya kwanza, na kwenye foleni ya ugali walimsukuma mbele. Alute alikataa mwanzoni, kisha akazoea.

Kazi yenyewe ilimvutia tangu siku ya kwanza. Alikuwa amezoea moto wa mkaa, unaopulizwa kwa mvukuto mpaka chuma kigeuke rangi polepole. Huu mwingine ulikuwa moto wa aina gani? Unashika kijiti cha kuchomelea kwenye koleo lenye waya, unakigusisha kwenye bamba la chuma, na mwanga unalipuka mweupe kuliko jua, mpaka lazima uutazame kupitia kioo cheusi cha kinyago. Chuma kinayeyuka hapo hapo kama samli. Jioni ya kwanza alikaa nje ya bweni akitazama mawe makubwa ya Singida yakibadilika rangi kwa jua la machweo, huku Kefa akidhani amekumbuka nyumbani.

Mwalimu wa karakana aliitwa Gaspari, kijana wa miaka thelathini hivi, mwembamba, mkali kama pilipili. Alipoingia asubuhi ya kwanza na kumwona Alute amesimama kati ya vijana, alisita. Kisha akaja moja kwa moja, akainama.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Wewe si mtoto wa Damiani?"

"Ndiye mimi."

Damiani na Alute walikuwa wametoka jando moja, wakachunga pamoja ng'ombe wa baba zao. Alute alimkumbuka Gaspari akiwa anatambaa na kula udongo. Alifurahi sana. Alijiona amefika kwake.

Mwalimu Gaspari hakuwa na simile na wanafunzi. Kefa akikosea, utamsikia, "Wewe! Unachomelea au unapaka uji ukutani? Toa, anza upya!" Mwingine aliacha waya chini, akafukuzwa karakana mpaka kesho yake. Lakini alipofika kwenye meza ya Alute sauti ilishuka. Alitazama kazi, akakuna shingo.

"Sawa, Baba. Endelea kujaribu."

Na Alute aliendelea. Alikishika kijiti mbali na chuma, kwa kuwa miaka yote alikuwa amejifunza kukaa mbali kidogo na moto mkali. Alikwenda haraka, kwa kuwa chuma cha mhunzi kikipoa hakifuliki tena. Mstari wa kwanza ukiisha, hakuyabandua magamba meusi yaliyobaki juu yake. Alipitisha wa pili juu yake hivyo hivyo. Halafu, chuma kikiwa bado chekundu, alichukua nyundo ya baba yake akaugonga mshono mpaka ukalala, akaupiga tupa ukang'aa. Hakuna mshono uliopendeza kama wake karakana nzima. Vijana walikuja kuutazama. Gaspari naye alikuja, akautazama kwa muda mrefu, akakuna shingo tena.

"Sawa, Baba," alisema.

Mtihani wa ufundi wa Daraja la Tatu ulipofika, mtahini alitoka wizarani na sanduku lake la vifaa. Kila mmoja aliunganisha mabamba mawili. Mtahini alikata kipande katikati ya mshono, akakibana kwenye jiliwa, akakigonga kwa nyundo mpaka kipinde. Cha Kefa kilipinda kikashika. Cha Alute kilianza kupinda vizuri, watu wakatabasamu, kisha mshono ukaachia, ukafunguka kama mdomo. Ndani yake mlijaa magamba meusi na vitundu vitundu.

"Nje unapendeza," mtahini akasema bila ubaya wowote. "Ndani hakuna kilichoshikana. Huyu atarudia."

Alute aliokota vile vipande, akatoka navyo. Bwenini vijana waliokuwa wanashangilia walinyamaza alipoingia, na ukimya ule ulimuuma kuliko kufeli kwenyewe. Kefa alimletea chai. Hakuigusa. Alikaa kitandani akigeuzageuza kipande cha chuma, akikitazama jinsi mhunzi anavyotazama chuma. Akaona. Haya magamba yalikuwa pale siku zote. Mwalimu alikuwa anayaona siku zote.

Akainuka, akaenda nyumbani kwa Gaspari, nyuma ya jiko la chuo. Gaspari alikuwa anakuna ndevu mlangoni kama mtu aliyekuwa anamngoja.

"Shikamoo, Baba. Karibu ukae."

Alute hakukaa. Akamwonyesha kile kipande.

"Ulikuwa unajua?"

Gaspari akatazama chini. "Nilikuwa najua."

"Kefa ulimwambia anapaka uji. Yule mwingine ulimfukuza. Mimi hujanigombeza hata siku moja. Kwa nini?"

"Baba, wewe na mzee wangu mmetoka jando moja. Ningekufokeaje mbele ya watoto? Nikienda nyumbani, mzee angeniuliza nimelelewa wapi."

"Basi umeniheshimu mpaka nimefeli," Alute akasema.

Wakakaa wote wawili kwenye gogo, na mke wa Gaspari akawaletea karanga bila kuuliza kitu. Mwisho Alute akasema, kwa Kinyaturu, lugha ya kwao, taratibu, jinsi mtu anavyosema na mwanawe, kwamba karakana na ibaki karakana. Ndani humo hakuna Baba na hakuna shikamoo. Kuna mwalimu na mwanafunzi. Wakitoka nje, mambo yawe kama yalivyokuwa.

"Utaweza, Baba?" Gaspari aliuliza.

"Nimeshasema nitaweza."

Kusema ni rahisi. Muhula mpya ulipoanza, Kefa akiwa amesharudi kwao na cheti chake, Alute alijikuta kati ya vijana wapya wasiomjua. Alikuwa ameinamia bamba lake alipoisikia sauti nyuma yake, kali, mbele ya wote.

"Alute! Sogeza mkono huo! Unachomelea au unawamwagia kuku mtama?"

Kijana mmoja akacheka. Alute alihisi damu ikimpanda mpaka masikioni. Tangu baba yake afariki, hapakuwa na mtu aliyemwita hivyo, jina tupu, kwa sauti ya kuitia mbuzi. Akaweka kinyago mezani, akalaza koleo la kuchomelea kwa uangalifu, akatoka nje. Alikwenda kusimama kwenye kivuli cha tangi la maji. Aliwaza basi la Manyoni. Aliwaza kwamba bado anaweza kuchonga mipini ya majembe na kuishi kwa heshima yake, na hakuna ambaye angemlaumu.

Gaspari akatoka. Alipovuka kizingiti cha karakana alivua kofia, akaja akainama.

"Shikamoo, Baba."

Alute alichelewa kuitikia, lakini kutoitikia ni jambo asilolijua.

"Marahaba."

"Una hasira?"

"Nina hasira kubwa."

"Turudi kwenye utaratibu wa zamani?"

Alute alitazama mikono yake. Kisha akaunyoosha mmoja mbele, kama ameshika kijiti, akaupima kwa macho.

"Kweli nilikuwa mbali kiasi cha kuwamwagia kuku?"

"Kweli kabisa, Baba."

Alute akaanza kucheka, kwanza kwa pua, halafu kwa tumbo lote, na Gaspari akacheka naye kama mtu aliyeponea chupuchupu.

"Twende ndani," Alute akasema. "Lakini ukinifokea, nifokee kwa jambo la kweli."

Jambo la kweli halikukosekana. Gaspari alimnyang'anya nyundo, akaifungia kabatini. Alimfanya abandue magamba na kusugua mshono kwa brashi ya waya baada ya kila mstari, na akisahau, bamba zima lilitupwa kwenye vyuma chakavu. Alute alilala na mgongo ukiuma. Lakini polepole mkono ulishuka, ukatulia, na siku moja akasikia sauti ya moto imebadilika. Haikuruka na kupasuka tena, ilikuwa inachemka sawasawa kama nyama inayokaangwa kwa mafuta yake. Hakuinua kichwa. Alijua Gaspari amesimama nyuma yake, na safari hii hakusema kitu kwa kuwa hakukuwa na cha kusema.

Mtahini aliporudi, ni yule yule. Kipande cha Alute kilibanwa, kikagongwa, kikapinda mpaka ncha zake mbili zikatazamana. Mshono haukuachia. Kwa nje haukupendeza sana. Ulikuwa na mawimbi madogo kama mchanga wa mtoni.

"Umepita," akasema mtahini, akaendelea na mwingine.

Issuna walimpokea kwa ngoma na kuku wawili. Mashine ya kuchomelea na jenereta yake kijiji kiliahidiwa, ila vilikuja kwa lori baada ya mavuno yaliyofuata, na hadi hapo Alute alikuwa akizipeleka plau kwenye karakana ya wilaya, akizichomelea huko na kurudi nazo.

Jioni ile ya kwanza, wageni walipotawanyika, Marietha alitaka kusikia yote. Akamsimulia kuhusu mtihani, na kufeli, na mtoto wa Damiani. Alipofika kwenye kuku na mtama, Marietha akaweka kibuyu chini.

"Ngoja. Gaspari alikugombeza? Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

"Na wewe ukasikia? Ukabadilika?"

"Nikabadilika."

Marietha alicheka mpaka akashika ukuta. "Mimi nimekuwa nikijaribu tangu uliponioa," alisema akijifuta machozi. "Kesho niambie tena alitumia maneno gani."