Wa Mwisho Kupanda Usangi

Jua limetulia juu ya kona, na Namkunda, mjane wa Mbonea, amekaa kwenye majani ya kando ya barabara, mgongo kauegemeza kwenye ukuta mfupi wa mawe, kitenge kajitanda kichwani, anangoja baiskeli zipite. Mbio hizi zilikuwa hazijapanda njia ya Usangi kwa miaka mingi. Mwaka huu zimerudi, naye alisema atakwenda kuzitazama hata kwa kubebwa mgongoni. Elisifa, mke wa mwanawe Kanza, amemsindikiza na chupa ya chai ya tangawizi. Bado wako mbali, mama, Elisifa anamwambia, ndiyo kwanza wameondoka Mwanga mjini, jinyooshe kidogo, nitakuamsha. Silali, anajibu Namkunda, napumzisha macho tu. Na macho yanapumzika. Makelele ya watu waliopanga mstari kando ya lami yanakuwa kama mvua inayonyesha kwenye shamba la mtu mwingine, mtu anagonga sufuria, sufuria inakuwa kengele, kengele inakuwa ndege, na barabara iliyo mbele yake inainuka taratibu kama mkeka unaokung'utwa, inajikunja, inajikunjua, na yeye yuko juu yake, pekupeku, anapanda.

Anapanda wala hahemi. Kila kona inazaa kona, na kila kona ina majina ya waendesha baiskeli yaliyoandikwa kwa chokaa kwenye lami, na chokaa haijakauka, na majina ni ya miaka ile, ya vijana ambao sasa ni mababu au hawapo. Anayasoma kwa sauti huku akitembea, na kila jina analolisoma linainuka, linapanda baiskeli, linaondoka. Anapinda kona nyingine anaingia Mwanga, mji aliouacha chini, lakini sasa uko juu na umegeuka kama unavyoonekana kwenye kioo, vibao vya maduka vinasomeka kinyume, jua linachoma kutoka upande wa magharibi ilhali ni asubuhi, na watoto wanamwitikia marahaba kabla hajasema kitu, naye anajikuta anawaamkia shikamoo, shikamoo, na wanapita zao wakiwa na haraka ya watu wazima. Wote wanakwenda kuona mbio. Namkunda anawafuata, kwa kuwa hivi ndivyo walivyokuwa wakienda, yeye na Mbonea, kila mwaka, kabla jua halijapata nguvu, yeye na kapu la makande, Mbonea na mwavuli.

Mbonea alikuwa mtu mrefu wa maneno machache, mtu anayeweza kwenda sokoni na kurudi hajatamka zaidi ya salamu. Lakini siku ya mbio alikuwa mwingine. Namkunda alipenda wa mbele, wale watatu wanne waliochomoka kundini, jezi nyekundu ya anayeongoza, magari ya waandishi, honi, vumbi. Aliwajua kwa majina na kwa miguu. Wakishapita, kwake sherehe ilikuwa imekwisha, anakunja khanga, anasema twende baba, nzi watatumaliza. Mbonea hatikisiki. Bado kuna mtu chini, atasema. Nao wangebaki, wawili peke yao kwenye kona tupu, wakinuniana, mpaka anatokea yule wa mwisho, midomo imekauka, anayumba kama mlevi, nyuma yake gari la kuokota waliochoka likimfuata kama fisi anavyomfuata ng'ombe mgonjwa. Hapo Mbonea angetupa mwavuli na kukimbia naye, kiganja mgongoni mwa kijana, akimsukuma, akimwambia panda, baba, panda, chai iko juu. Kijana asiyemjua. Kila mwaka.

Sasa wanakuja. Anawasikia kabla ya kuwaona, minyororo inalialia kama nyenje, kisha wanapita kundi zima kama ndege mnana waliofukuzwa kwenye mtama, upepo wao unanuka mafuta ya kuchua na machungwa, na Namkunda anapiga vigelegele mpaka koo linawaka, ni wale wale, miguu ni ile ile, wote vijana. Wanapotea konani. Watu wanaanza kuondoka. Na hapo wanatokea waelekezaji wa mbio, wamevaa vizibao vya rangi ya chungwa, wameshika bendera, na chini ya kofia zao hamna uso, pamelainika tu kama yai lililomenywa. Wanainama kwa pamoja, wanashika ncha ya barabara, wanaanza kuikunja kama watu waliomaliza kuanua mahindi wanavyokunja turubai.

Subirini, anasema Namkunda.

Mama, toka njiani, anasema mmoja wao, na sauti yake inatokea kifuani, mbio zimekwisha.

Hazijaisha. Bado kuna mtu chini.

Nani?

Namkunda anafungua kinywa kulitaja jina na jina halitoki. Basi anakaa chini, katikati ya lami, miguu kainyoosha, kama mwanamke anayechambua mchicha nyumbani kwake. Yule mwelekezaji anachuchumaa mbele yake. Kitendawili, anasema. Tega, anajibu Namkunda, maana hata ndotoni hayuko Mpare wa kukimbia kitendawili. Ukimngoja haji, ukiondoka amefika. Namkunda anawaza. Kivuli, anasema. Sicho. Mvua. Siyo. Usingizi. Siyo, nipe mji. Namkunda anampa Same, na mwelekezaji anaukataa, ule una jua kali. Anampa Tanga, naye anatikisa pale ambapo pangekuwa na uso. Nipe mji unaokuuma. Chukua Moshi, anasema Namkunda hatimaye, chukua wote, na hospitali yake na ngazi zake. Mwelekezaji anapokea. Haya, nimekwenda Moshi, nimepanda ngazi, nimekuta kitanda kimetandikwa shuka safi, nikauliza mwenye kitanda yuko wapi, wakaniambia ameondoka. Jibu ni yule uliyemngoja wewe, mtazame, yuko njiani.

Na kweli yuko njiani. Anatoka kwenye kona ya chini, mrefu juu ya baiskeli yake nyeusi yenye kiti cha mizigo nyuma, ile aliyokuwa akimpakia Namkunda walipokuwa wachumba, shati limemganda mgongoni, namba ya mashindano imebandikwa kwa pini. Anayumba. Anakanyaga kama mtu anayetwanga kwenye kinu chenye tope. Waelekezaji wanaiachia barabara nayo inanyooka. Namkunda ameshainuka, anakimbia ubavuni mwake, kitenge kinamvuka, hajali.

Umechelewa, anamwambia, na anasikia jinsi sauti yake inavyofanana na ya siku zile za kununa.

Nilikuwa nakungoja ulete makande, anasema Mbonea.

Ulisema chakula cha hospitali hakina chumvi. Nikaenda kupika. Nikarudi.

Najua ulirudi. Yalitokaje?

Sikuyaonja. Nilimwachia yule mzee wa kitanda cha pili.

Mbonea anacheka, kicheko chake kile cha puani, na kicheko kinampunguzia pumzi, baiskeli inapunguza mwendo, inakaribia kusimama. Nyuma yao linasikika lile gari la kuokota waliochoka, linanguruma polepole, halina haraka. Namkunda anashika kiti cha mizigo. Chuma kina moto mkononi. Anajua akikishikilia hivi hivi Mbonea hatakwenda popote, watabaki kwenye kona hii, wawili, wakibishana juu ya nzi, na moyo wake wote unamwambia shikilia. Mbonea hageuki. Anamwambia taratibu, Mama Kanza, ama nisukume ama niteremshe, hapa katikati magoti yanauma. Baki, anasema Namkunda. Nimebaki mno, anasema Mbonea, wenzangu wameshakunywa chai. Gari limefika karibu, pumzi yake ya dizeli inamgusa visigino. Namkunda anaachia chuma. Anaweka kiganja mgongoni mwa mumewe, anahisi jasho, anahisi uti wa mgongo uliotokeza mifupa wakati wa ugonjwa, kila pingili anaijua, aliupaka mafuta mgongo huu jioni baada ya jioni, na anasukuma. Anasukuma kwa mkono, kwa bega, kwa miaka yote ile, anakimbia huku analia, analia huku anapiga vigelegele, na baiskeli inapata uhai, mnyororo unaimba, uzito unamtoka kiganjani taratibu, halafu haupo.

Mama! Mama, simama!

Elisifa amemkamata kiunoni. Namkunda yuko katikati ya lami, mikono mbele, anahema. Pande zote watu wanapiga makofi, wengine wamesimama juu ya ukuta wa mawe, na huko mbele mtu juu ya baiskeli anamalizia kupinda kona, anainua mkono mmoja bila kugeuka, na gari linampita Namkunda polepole, tupu.

Ulikuwa umelala fofofo, anasema Elisifa, anacheka bila kumwachia, niligeuka kidogo tu niwapige picha wa mbele, kutahamaki nakuona unakimbia na yule wa mwisho, unamsukuma, unaongea naye!

Alikuwa amevaaje?

Elisifa anafikiri. Sikumwona vizuri, mama. Jua lilinipiga machoni.

Alikuwa mrefu?

Juu ya baiskeli wote warefu, mama. Njoo ukae kivulini.

Namkunda haendi. Kiganja chake kimelowa, na upepo wa mlimani unakikausha kidogo kidogo, naye hakifuti. Hajui ni jasho la nani, wala hajui amesimama upande gani wa usingizi. Anainua kichwa kusikiliza. Huko juu, kona baada ya kona, watu ambao hawezi kuwaona wameanza kushangilia mtu anayefika.