Bonde Lilivyoonekana Kutoka Juu

Puto la kituo cha utafiti wa anga lilipasuka saa moja na nusu asubuhi, kilomita thelathini juu, kama lilivyopangiwa, na kisanduku cha kamera kikashuka kwa mwavuli hadi kwenye shamba la maharage. Fundi wa kamera alikipangusa matope, akatoa kadi, akaketi ofisini kuangalia picha. Ukingo wa dunia ulikuwa umepinda, mawingu kama povu la sabuni. Katika picha tatu za mwisho, kiwanda cha saruji hakikuwepo bondeni. Mahali pake palikuwa na nyumba sitini na mbili, zile zilizobomolewa na tingatinga miaka minne iliyopita kukipisha. Moshi ulikuwa ukitoka jikoni.

Fundi alimpigia simu mama yake. Mama alikuja, akavaa miwani, akainama mbele ya kompyuta.

"Huyo juu ya paa ni baba yako. Anaziba bati."

Baba alikufa mwezi wa pili baada ya ubomoaji, katika chumba cha kupanga, akiulizia funguo za mlango ambao haukuwepo tena.

"Amekonda?" fundi aliuliza.

"Hapana. Kanenepa kidogo." Mama alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

Mkurugenzi wa kituo akaitwa. Ripoti iliyoruhusu kiwanda ilisema bonde lile ni pori, halijapata kukaliwa na mtu, na sahihi ya chini ilikuwa yake. Aliuliza kama kamera ni mbovu.

"Nzima, mzee. Kamera haina bosi."

"Wewe unaye. Zifute, urushe tena."

Puto jipya likarushwa, kisha jingine. Mara ya tatu watu wote wa bondeni walikuwa wametoka nje, wameinua hati zao za viwanja juu ya vichwa. Mihuri ilisomeka.

Fundi hakufuta kitu. Alizichapisha zote, akazipeleka kwenye tume ya ardhi, yeye na mama yake wakipokezana bahasha njiani.

Tume ilikaa siku mbili. Ilikubali kwamba picha ni halisi, nyumba zipo, na wenyewe wapo. Ila sheria, mwenyekiti alieleza kwa upole, inatambua nyumba inayoonekana kutoka barabarani.

"Yaani mume wangu yupo, nyumba ipo, haki ndiyo haipo?"

"Umeelewa vizuri sana, mama," mwenyekiti alisema, akamkaribisha chai. Ilipoa mbele yake bila kuguswa.

Mwaka mpya kituo kilitoa kalenda yenye picha ile ya bonde na nyumba zake, chini yake pameandikwa: Dunia Yetu Nzuri. Kiwanda kilinunua mia tano za kuwagawia wateja. Waliobomolewa nyumba walipewa mojamoja, bure, kwa kutia sahihi kwenye daftari la mapokezi.

Zamu ya mama ilipofika, aliandika polepole, kwa herufi kubwa: "Nimepokea kalenda. Nyumba bado."

Karani alisoma, akapiga muhuri, akamwita anayefuata.