Mrututu Kwenye Kucha

Lydia alitaka kujaribu tu. Kandida, shoga yake aliyekuwa yaya kwa Mwingereza mmoja mjini Arusha, alimpa kichupa cha rangi ya kucha kilichotupwa na bibi mwenye nyumba: buluu kali, nzito kama mtindi, haina hata chembe ya kumeta. Jumamosi asubuhi Lydia alijibanza nyuma ya migomba akapaka vidole vyote kumi, akavitazama, akacheka peke yake. Kisha akashuka mferejini kunawa, na rangi ikakataa katakata. Alisugua kwa sabuni, kwa majivu, hata kwa mchanga. Yakabaki mabaka ya buluu, rangi ileile ya mrututu, dawa ya kupulizia kahawa.

Baba yake, mzee Sumari, akamkuta hapohapo. Siku mbili kabla vibarua hawakutokea, naye alimwamuru binti akoroge pipa la mrututu. Mkewe alimkatalia, akasema ile ni sumu, si kazi ya mtoto. Mzee akamjibu kwamba kahawa haingoji, na Lydia akakoroga. Sasa aliishika mikono ya Lydia, akaketi kwenye matope.

"Imeingia kwenye damu," akasema.

Lydia alifungua kinywa. Lakini rangi ya kucha katika nyumba ya mzee wa kanisa ilikuwa uhuni mtupu, na bakora ya baba haikuwa ya kuswagia ng'ombe peke yake. Akafunga kinywa. Hapo ndipo alipojiponza.

Maana huruma ilimwangukia kama mvua ya masika. Mama alimfunga mikono kwa vitambaa vya siagi, akamnywesha maziwa yote ya nyumba ile, mdogo wake akaambulia uji mtupu. Baba hakugusa chakula. Alilibingirisha pipa hadi shimoni akaimwaga dawa yote, ingawa bwana shamba alikwishaonya kwamba mwaka ule asiyepulizia atavuna majani. Lydia alimwona akilia akiwa ameinamia shimo, na bado hakusema.

Jumapili, kabla ya meza ya Bwana, mzee Sumari alisimama mbele ya usharika.

"Sistahili meza hii," akasema. "Nimemtia mwanangu sumu kwa tamaa ya kahawa. Mama yake alinionya, nikampuuza. Niondoeni katika uzee wa kanisa, mniombee."

Wanawake wakaanza kusikitika. Lydia aliona aibu, lakini akainuka, akaenda mbele huku akifungua vitambaa.

"Baba, si sumu. Ni rangi ya kucha. Nilijipaka mwenyewe."

Mzee alikikwangua kidole kimoja kwa ukucha wake. Kipande cha buluu kikabanduka.

"Bwana asifiwe," akawaambia watu, "mtoto ni mzima." Kisha akainama, akamuuliza taratibu, "Jana nilipokuwa nalia, ulikuwa unajua?"

"Ndiyo, baba."

Lydia aliliandaa shavu lake kwa kofi. Halikuja. Mzee alirudi kwenye benchi la wanaume akaketi. Toka siku ile, kila asubuhi Lydia alipomwambia shikamoo, aliitikia marahaba kwa upole, kama anavyomwitikia mtoto wa jirani.